Mashine Mbili za Rindala

Sehemu ya kumi na mbili

Juma lililopita tulimwacha Rindala ndani ya ukumbi kule Hammana, asubuhi ya harusi ya wifi yake, ameshika ncha ya kitambaa cheupe. Chini ya kitambaa hicho, jana yake, alikuwa ameziacha mashine zake mbili za santuri, zile anazopigia muziki tangu ana miaka kumi na tisa.

Alikifunua. Mashine hazikuwepo.

Palikuwa na kompyuta mpakato, nyeusi, yenye ufa kwenye kona na kibandiko cha cheri mbili nyekundu juu ya kifuniko.

Rindala aliijua. Ilikuwa ya mumewe, Wissam. Na Wissam alikufa miezi kumi iliyopita kwenye barabara ya Dahr el-Baydar. Gari liliteketea, na kila mtu alimwambia kompyuta iliteketea humo humo.

Sasa tazama alichofanya. Hakupiga kelele, wala hakurudi nyuma. Alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka pembeni, kisha akakikunja upya kwa sababu pembe hazikulingana.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mazishi. Kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: kinywa anajua ni chake, lakini mpe chai ya moto, hahisi kitu. Watu walisema ana moyo wa kuvumilia. Walikosea. Hapakuwa na chochote cha kuvumilia.

"Ni mimi," sauti ikasema nyuma yake.

Lamis, bibi harusi mwenyewe, alikuwa mlangoni, vibiringishi vya nywele vimejaa kichwani, koti la baba yake mabegani, sigara mkononi ambayo hajaiwasha.

"Wewe ndiye nini?"

"Nimeziondoa mimi. Mashine zako. Ziko salama, usiniulize zaidi."

"Sawa."

"Sawa? Basi?"

"Harusi ni yako, Lamis."

Lamis aliingia, akavuta kiti, akakaa kinyumenyume. "Wifi, naomba unikasirikie kidogo. Nimeamka alfajiri nikajipanga. Nina majibu kama kumi hivi, na hujanipa nafasi ya kutumia hata moja."

"Basi nipe moja."

"Krismasi," Lamis akasema.

Rindala alikumbuka. Krismasi, uchumba wa binamu yao. Alikuwa akipiga santuri, wimbo ukaisha, sindano ikafika mwisho ikabaki inazunguka mahali pasipo na wimbo. Kwaruu, kwaruu. Dakika nne nzima. Watu tisini wamesimama wakimtazama, naye yuko nyuma ya mashine, macho wazi, hana habari kwamba muziki umekatika. Mpaka shangazi mmoja alipokuja kuinua sindano kwa vidole vyenye mafuta ya kibe, zile kababu za nyama na ngano.

"Santuri zinataka mtu aliye hai nyuma yake," Lamis alisema, kisha akajiziba mdomo. "Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha."

"Haya, nilimaanisha. Laptopu haina taabu hiyo. Unaipangia nyimbo, programu yenyewe inalinganisha mapigo, huu unaingia ndani ya ule, wewe umekaa unakula. Ukisinzia inaendelea. Ukitoka nje inaendelea. Leo nina wageni mia tatu, na mama mkwe ambaye amekuja na macho manne."

"Hii umeitoa wapi?"

Lamis aliinuka haraka kuliko alivyokaa. "Muulize Krikor," akasema, na vibiringishi vikapotea mlangoni.

Krikor alikuwa uani, ameinama nyuma ya spika. Fundi wa redio kutoka Burj Hammoud, umri wa miaka hamsini na kitu, daima na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine umesahauliwa utosini. Hakuna rafiki aliyekuwa karibu na Wissam kama yeye.

Alipomwona Rindala na kompyuta kwapani hakungoja swali.

"Haikuwa garini. Aliiacha dukani kwangu siku moja kabla, safarini akabeba yangu."

"Miezi kumi, Krikor."

"Najua."

"Ulikuja matangani. Umekula kwangu. Umekaa pale ukanisikiliza nikimuuliza polisi habari za hii kompyuta."

"Najua, dada yangu. Niliahidi."

"Ulimwahidi nani? Wissam alikuwa keshazikwa."

Krikor alikaza skrubu ambayo ilikuwa imekaza tayari. "Ifungue kwanza uone kilichomo. Nywila ni siku yako ya kuzaliwa. Unamjua, alikuwa mvivu wa kubuni."

Rindala akaifungua pale pale, juu ya spika.

Santuri zake. Jina baada ya jina, jalada baada ya jalada. Zote zilikuwa mle ndani.

Hapa inabidi nimshike mkono msomaji aliyeingia leo. Rindala na Wissam walipiga muziki pamoja miaka minane, meza moja, mume na kompyuta yake, mke na santuri zake. Ugomvi wa nyumba yao ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa huo. Wissam alisema: mimi nabeba begi moja, wewe unabeba masanduku sita kwenye ngazi za ghorofa nne kila lifti ikikosa umeme. Rindala alijibu: wewe hupigi muziki, unatazama rangi zikipita kwenye kioo, iko siku masikio yako yataota kutu. Watu walicheka, nao walicheka. Ulikuwa utani mpaka Wissam alipotaka wahamie Montreal.

"Santuri elfu moja na mia nne haziingii kwenye ndege," Rindala alimwambia. "Na mimi bila hizo siendi."

Wissam hakubisha. Ila tangu hapo santuri zilianza kutoweka rafuni, kumi kumi, na kurudi baada ya siku mbili. Asubuhi alitoka mapema, haagi anakokwenda. Mke akawaza anayowaza mke. Asubuhi ya mwisho alimwambia: "Kama kuna mwanamke huko anasikiliza santuri zangu, mpelekee zote, na wewe ubaki huko huko."

Wissam alicheka, akachukua funguo, akatoka.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwa mkewe.

"Alikuwa dukani kwangu," Krikor alisema. "Kila asubuhi, karibu mwaka. Kuingiza santuri kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato. Ikiwa ya dakika arobaini, utakaa dakika arobaini, uigeuze na upande wa pili. Nilimwambia, mwanangu, utazeeka hapa. Akasema, akizikuta zote humu, atabaki na kisingizio gani cha kutoondoka?"

Rindala alisimama, akangoja kitu kimjie kifuani. Alingoja kwa dhati kabisa, kama mtu anayengoja simu ipokelewe upande wa pili.

Kilichokuja ni njaa.

"Mkate umeshafika?" akauliza.

Saa saba mchana bibi harusi aliingia kwa ngoma na vigelegele. Watu wakakaa, kachumbari ya tabule ikapita, kibe ikapita, chupa za araki zikafunguliwa. Wapiga ngoma walipopumzika, Rindala alibonyeza kitufe kimoja.

Muziki ukatoka. Wimbo ukaingia ndani ya wimbo, laini, bila kukosea hata pigo moja. Wageni waliacha sahani wakaenda kucheza. Umeme ulikatika mara mbili, spika zikanyamaza hadi jenereta liliponguruma, lakini kompyuta haikujali, na wachezaji hawakushusha hata mikono.

Shangazi yule wa Krismasi alikuja kumshika shavu.

"Leo umepona, mwanangu. Leo unapiga kama zamani."

Rindala alikuwa anatafuna. Hakuwa amegusa kompyuta kwa dakika ishirini.

Alimaliza kula, akafuta vidole, na kwa kukosa la kufanya akaanza kuteremsha orodha kwenye kioo. Jina la santuri, urefu wake, tarehe iliyoingizwa. Jina, urefu, tarehe. Macho yalikuwa yakipita tu juu ya maandishi.

Yakasimama.

Tarehe 21 Novemba.

Wissam alikufa tarehe 6 Novemba.

Akasema moyoni, saa ya kompyuta imekosea. Akateremsha. Tarehe 24 Novemba. Tarehe 2 Desemba. Januari yote. Machi. Julai. Alizihesabu, akarudia kuhesabu. Santuri arobaini na moja ziliingizwa baada ya mwenye kompyuta kuzikwa. Ya mwisho iliingizwa Jumanne iliyopita.

Alimpungia Krikor mkono. Krikor alikuja akijifuta jasho.

"Nani anarekodi dukani kwako?"

"Rindala, watu wanacheza."

"Nani, Krikor?"

"Mimi nilifungua mlango tu. Niliahidi."

Wewe unayepiga muziki unajua: ukumbi unaweza kusikia wimbo mmoja na wewe peke yako ukasikia mwingine. Rindala alivaa hedfoni, akachagua santuri ya Desemba, akaisikiliza kwenye masikio yake huku watu mia tatu wakicheza kitu kingine.

Mikwaruzo ya sindano. Kinanda, sauti ya mwanamke. Wimbo ukaisha. Na kabla sindano haijainuliwa, ndani ya ule ukimya, mtu alikohoa.

Mara mbili kwa kifupi, mara moja kwa kirefu. Kisha kijiko kikagonga kikombe kidogo cha kahawa.

Kikohozi kile alikuwa amekisikia kila asubuhi kwa miaka minane, kikipanda kutoka ghorofa ya chini.

Alivua hedfoni, akatazama meza ya familia.

Mzee Nasib, ambaye watu wote humwita Abu Wissam kwa jina la mwanawe, alikuwa ameketi wima, mgongo kwa spika, leso imekunjwa mbele yake. Baba wa bibi harusi, na hakuwa amepiga kofi hata moja. Ndiye aliyesimama makaburini mbele ya ukoo mzima akamwambia Rindala: "Muziki wenu ndio ulionilia mwanangu," kwa sababu Wissam alikuwa akirudi kutoka kupiga muziki Zahle. Tangu siku ile mzee hakumpa zaidi ya salamu. Muziki ukipita barabarani, alifunga dirisha.

Lakini mzee alikuwa na ufunguo wa ghorofa ya mwanawe. Na santuri arobaini na moja zilitoka nyumbani kwa Rindala, zikarudi, na Rindala, anayelala hatua tano kutoka rafuni, hakuona.

Aliinuka. Kompyuta iliendelea yenyewe.

Alivuta kiti karibu na mkwewe.

"Baba, kikohozi chako kimeingia ndani ya nyimbo."

Mzee hakugeuka. "Krikor alisema kitafutika."

"Hakikufutika."

"Basi kifute wewe. Mashine ile ina vitufe vya kila kitu."

"Kwa nini ulifanya?"

Mzee alilaza kiganja juu ya leso, akainyoosha mahali iliponyooka. "Aliacha kazi haijaisha. Sikumlea hivyo."

 Mbele yao bwana harusi alikuwa amebebwa mabegani, akipiga yowe la uongo kwamba anaanguka.

"Zilibaki arobaini na moja," mzee akaendelea. "Krikor alinifundisha kushusha sindano. Ya kwanza niliikwaruza. Ile yenye jalada la kijani. Nisamehe."

"Sikuona."

"Najua hukuona. Nilikuwa napanda na kushuka zile ngazi na santuri zako kwapani, nasema leo atanishika. Leo atanifokea mbele ya majirani. Siku moja nilikukuta jikoni. Nilikuwa na kumi mkononi. Ukaniambia, habari za asubuhi, Baba."

Rindala hakuwa na kumbukumbu ya asubuhi hiyo.

"Sasa zimekwisha," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Viza mliyopata pamoja, wewe na yeye, bado hai. Lamis na mumewe wanahamia Montreal Alhamisi. Chukua hiyo kompyuta, nenda nao. Humo zimo zote. Santuri zenyewe niachie mimi."

"Wewe uzifanyie nini? Ulisema zimekulia mwanao."

"Nilisema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu, ndiyo." Alikunywa araki kidogo, akakohoa. "Asubuhi ni ndefu, binti. Na kila moja ya zile, ameishika yeye. Zile nyingine, za mle kwenye kioo, kuna nini cha kushika?"

Rindala aligundua kwamba ameukamata ukingo wa meza na vidole vinamuuma. Aliviachia, akavitazama. Alama nyekundu zilikuwa zimebaki.

"Katika zile arobaini na moja," aliuliza polepole, "ipi uliipenda?"

Mzee aliona haya kama kijana anayeulizwa habari za mchumba. "Ile ya mwanamke wa Tunis. Upande wa pili."

"Wimbo wa tatu," Rindala akamalizia.

"Wa tatu. Niliurudia. Krikor alitaka kunifungia duka."

Rindala alirudi mezani kwake. Wimbo ule ulikuwa kwenye orodha, umbali wa kitufe kimoja. Kidole kilifika juu ya kitufe, kikabaki pale.

Kisha akainama chini ya meza, akavuta sanduku la santuri alilokuja nalo jana, ambalo hakuna aliyefikiri kuliondoa. Akapekua. Mikono ilijua njia. Akaitoa santuri ya mwanamke wa Tunis, akaishika kwa kingo, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa pili ulikuwa na alama ya dole gumba la mtu mzima, nene, karibu na wimbo wa tatu.

"Krikor. Niletee mashine moja."

"Mashine ipi?"

"Yangu. Moja tu inatosha. Mzee wa watu alikaa dukani kwako miezi kumi, atausikia wimbo wake jinsi ulivyo."

"Lamis ataninyonga."

"Lamis mwachie mimi. Ziko kwenye gari lako?"

Krikor alivua miwani ya machoni, akavaa ile ya utosini, akavua na hiyo.

"Hazipo kwenye gari langu."

"Ziko nyumbani?"

"Hazipo nyumbani, dada."

"Krikor, nina dakika tatu kabla wimbo huu haujaisha. Ziko wapi?"

"Lori la mizigo lilipita saa mbili asubuhi kuchukua masanduku ya Lamis," Krikor alisema akitazama viatu. "Mimi mwenyewe nilizifunga, mablanketi matatu matatu, hata yai lisingevunjika. Sasa hivi ziko bandarini, ndani ya kontena lake. Zinakwenda Montreal. Lamis alisema, tukimwomba atasema sawa halafu hatakuja. Lakini mashine zikitangulia, atazifuata."

Rindala akaanza kuwahesabu, mmoja mmoja.

Mumewe alimjazia kompyuta ili asiwe na kisingizio. Mkwewe alimalizia kazi ile gizani, na sasa anaomba abaki na santuri. Wifi yake amezituma mashine ng'ambo zitangulie. Na huyu fundi aliyesimama mbele yake alijua yote, akafungua mlango, akafunga blanketi, akanyamaza. Kila mtu katika familia ile alikuwa amemwamulia, kwa mapenzi makubwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Ndipo kile alichokingoja kikaja, kikianzia magotini. Hakukitambua mara moja. Ilikuwa miezi kumi hajakutana nacho. Kikapanda tumboni, kikapita kifuani, na kilipofika shingoni masikio yakafunguka, akausikia ule muziki uliokuwa ukipigwa kwa jina lake tangu saa nane. Akausikia vizuri. Ulikuwa umenyooka mno.

Alishika kifuniko chenye cheri mbili, akakifunga.

Ukumbi ukakatika sauti. Watu mia tatu walibaki na mikono juu, wakitazama taa, lakini taa zilikuwa zinawaka, hapakuwa na jenereta la kulaumu. Wakageukia meza ya muziki.

Mzee Nasib aliinuka nusu kwenye kiti. Mama mkwe wa Lamis alishusha uma.

Rindala alitoka nyuma ya meza na santuri mkononi, akakata katikati ya uwanja wa kucheza. Watu walimpisha bila kuombwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini si hayo yaliyowafanya wapishe. Ni mwendo wake.

Lamis, aliyekuwa katikati kabisa ya duara, aliuona uso ule ukija. Alimtazama kwa kitambo, kama mtu anayehakikisha kwamba ni hasira kweli. Kisha akampa mumewe maua, akainua gauni, akavua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akasimama peku kwenye marumaru, akamngoja.